Rejista Ikifutwa

Nyinyi mnaopanda milingoti siku hizi, mkanda wa usalama kiunoni na simu mfukoni ikicheza muziki, hebu shukeni kidogo. Nina jambo la kuwaambia, na mimi sipendi kuongea na mtu nikimwinulia shingo.

Naitwa Mutua. Kazi ya mawasiliano niliianza nikiwa na nywele, nikastaafu hapa Sultan Hamud sina nywele wala magoti. Nimechimba mitaro ya nyaya, nimepanda vilima vya Makueni na dishi mgongoni, nimefukuzwa na nyuki juu ya busta. Na busta, kwa watu wetu, ni mnara wowote wenye taa nyekundu juu. Mkinikuta mtaniuliza ni siku gani ilikuwa ngumu kuliko zote, na mtatarajia niseme ile ya nyuki. Nyuki nilipona kwa siku tatu. Siku ngumu kuliko zote nilikuwa nimekaa kwenye kiti, ndani ya ukumbi wenye feni, nimevaa koti, nasomea watu karatasi. Nilichagua neno baya, kisha nikaenda kula. Mpaka leo sijapona.

Tuanze na namba, kwa sababu najua mnazigonga kwenye rauta bila kuuliza zimetoka wapi. Kila mtambo ulio kwenye intaneti lazima uwe na namba yake, la sivyo ujumbe haujui pa kwenda. Namba hizo hajitungii mtu. Duniani kuna rejista tano za kuzigawa, kila moja na eneo lake, na moja ni ya bara letu la Afrika. Rejista ndiyo inayoipa kampuni ya mtandao fungu lake la namba, inaandika kitabuni nani kapewa zipi, na dunia nzima inaamini kile kitabu. Kampuni iliyopewa inakuwa mwanachama, na wanachama ndio wanaochagua bodi. Hayo tu. Ningekuwa nayaeleza hivyo miaka yote, leo nisingekuwa na cha kuwasimulia.

Lakini mimi nilikuwa na mfano wangu, na niliupenda. Nilikuwa nasema: namba ni ploti. Intaneti ni soko kubwa, kila duka lina ploti yake, na rejista ni ile ofisi ya ardhi inayoandika ploti ni ya nani. Jamani, mfano ule ulikuwa unaingia! Mtu wa mji wa Wote, mtu wa Kibwezi, mwalimu, mwenye bucha, wote walikuwa wanaitikia kwa kichwa. Mkamba umtajie ploti halafu asielewe? Nikaurudia mpaka watu wakaniita Mutua wa Ploti, na mimi nikawa naitika.

Aliyeupenda mfano ule kuliko wote alikuwa Adan, rafiki yangu wa Mwingi. Watu wake walishuka na mifugo kutoka kaskazini-mashariki zamani, wakafungua duka pale kwenye barabara ya Garissa, na yeye akazaliwa hapo hapo. Kikamba chake kilikuwa kizuri kunishinda. Alikuwa ananikosoa mbele ya watu, "Mutua, hivyo ndivyo wanavyosema huko kwenu Makueni, sisi hatusemi hivyo," natamani ardhi inimeze. Alianza na malori ya baba yake, akachoka na matairi, akaamua anataka kuuza intaneti. Nilimcheka. Wakati ule mtu wa Mwingi akitaka kutuma barua pepe alikuwa anaenda Kitui, na akifika Kitui anapanga foleni. Akaniambia, "Wewe cheka. Ukimaliza uje na dishi."

Nikaenda na dishi. Tulilifunga juu ya paa la duka lake, yeye mwenyewe amelishika, mimi chini naangalia mita na kupiga kelele: kushoto kidogo, kulia, rudi, wee Adan rudi, umepita! Sikilizeni, dishi usilikaze parafujo siku hiyo hiyo ukaondoka. Paa la mabati linapanuka jua likiwaka na kujikunja likipoa. Kesho yake uje tena, uangalie mita jua likiwa utosini, ndipo ukaze. Hilo hakuna chuo kilichonifundisha, nilifundishwa na wateja walionitukana.

Mteja wetu wa kwanza alikuwa mfanyabiashara wa mbuzi aliyetaka kujua bei za Nairobi kabla lori halijaondoka. Wa pili kituo cha mafuta. Wa tatu shule. Tulipofika hapo nikamwambia Adan sasa tusiazime namba za watu, tuombe zetu. Fomu za rejista zilikuwa nyingi na zenye maswali ya kiburi: una wateja wangapi, unategemea wangapi, mitambo yako ni ipi, thibitisha. Tulizijaza tukiwa tumekaa juu ya magunia ya ndengu. Walipotaka ramani ya mtandao, Adan alitaka kuwachorea Mwingi yote mpaka josho la ng'ombe. Tukajibu, wakauliza tena, tukajibu tena. Barua ya kusema tumepewa ilipofika, Adan alitoka nje, akarudi na mbuzi wa kuchinja. Kampuni tuliiita Kyeni, maana yake mwanga, na ile barua aliitia kwenye bahasha moja na taito, hati ya ploti ya duka lake. Nilimwona akiitia. Nilifurahi, nikajiambia, huyu ameelewa.

Kwenye kitabu cha rejista, chini ya Kyeni, kuliandikwa jina la Adan kama mwenye kampuni, na jina langu kama fundi wa kuulizwa. Nimepata vyeti kadhaa maishani. Hakuna nilichokiangalia mara nyingi kama ule mstari.

Miaka ikaenda, na rejista ya bara letu ikapitia kipindi kigumu. Kesi mahakamani, bodi bila watu wa kutosha, uchaguzi wenye ubishi. Sitaingia humo, wenyewe wanajijua. Ila dunia ilishtuka, kwa sababu sheria ya zamani ya rejista hizi ilikuwa karatasi chache tu, nayo ilieleza jinsi rejista mpya inavyozaliwa. Haikusema ikiugua inatibiwaje, wala ikifa nani anabaki na kitabu. Kwa hivyo ikaandikwa rasimu ya sheria mpya, ikawekwa wazi ili kila mwanachama, hata mdogo wa Mwingi, atoe maoni.

Hapo nikajipa kazi. Rasimu ilikuwa kwa Kiingereza, kile cha mawakili, sentensi inaanzia Sultan Hamud na kuishia Mtito Andei. Wenye mitandao midogo wa Kitui na Makueni hawakuwa na muda nayo. Nikasema nitawaita, niwasomee kwa Kiswahili kifungu kwa kifungu, niandike maoni yao na kuyapeleka. Hakuna aliyenituma. Nilikuwa nimestaafu, na mtu aliyestaafu ni hatari, ana muda.

Nikawaita Kitui mjini, siku ya Ijumaa.

Asi, Ijumaa! Niliichagua kwa sababu ukumbi ulikuwa wazi. Sikufikiria zaidi ya hapo. Siku yangu mimi ya ibada ni Jumapili, na hakuna mtu anayeniitia mkutano Jumapili.

Adan alifika mapema kuliko wote, akakaa mbele na daftari jipya. Nikasoma. Vifungu vya kwanza vilipita vizuri, watu wanauliza, tunataniana. Kisha tukafika kwenye kifungu cha rejista iliyoshindwa kazi. Rasimu ilisema rejista ya namna hiyo inaweza kuacha kutambuliwa, na kazi yake ikapewa nyingine. Kwa Kiswahili ningeweza kusema "kuvuliwa utambuzi." Nilikuwa nimeandika hivyo pembeni kwa kalamu, nyumbani, kwa utulivu. Lakini nilipoangalia ule ukumbi, feni inazunguka na watu wameanza kupiga miayo, nikaona hilo ni neno la kitabuni, litawalaza. Nikataka neno la barabarani. Nikasema, "Kwa kifupi, hapa wanasema rejista inaweza kufutwa."

Kichwani mwangu ilikuwa kama leseni inavyofutwa, kwamba ile ofisi inanyang'anywa kazi. Lakini kwa Kiswahili rejista si ofisi tu. Rejista ni kitabu chenyewe chenye majina, na kitabu kikifutwa majina hayapo tena. Na aliyewafundisha watu wale miaka yote kwamba namba ni ploti alikuwa mimi.

Adan akainua mkono. Saa ya swala ilikuwa imekaribia.

"Mutua, hiyo rejista ikifutwa, sisi tulioandikwa humo?"

Swali zuri kabisa. Jibu lilikuwa ukurasa uliofuata, na nilikuwa nimelipigia mstari: namba za wanachama zinabaki kwao, kitabu kinahamishiwa rejista nyingine, na huduma haikatwi. Ningeweza kulisema kwa pumzi moja. Lakini mama wa chakula alikuwa mlangoni ananifanyia ishara, muthokoi umeiva na chapati zinapoa.

"Hiyo tutaifikia baada ya lanchi," nikasema.

Watu wakacheka kwa kuifurahia lanchi, na mimi nikacheka nao. Adan akafunga daftari lake, akaenda msikitini. Hakurudi. Aliyekuwa amemleta alikuwa na mzigo wa kuwahisha Mwingi, akamchukua moja kwa moja baada ya swala. Mimi niliona kiti chake kitupu, nikasema moyoni nitampigia. Nikausoma ule ukurasa uliofuata vizuri sana, kwa sauti, na waliobaki wakanipigia makofi. Wengi wao hata hawakuwa na namba zao wenyewe, walikuwa wakiazima za kampuni kubwa. Nikarudi nyumbani nimeshiba sifa. Sikumpigia.

Aliyenifundisha kazi angenizaba kofi. Aliitwa Madam Syombua, opereta wa simu na mpokeaji wa telegramu, siku zile za simu ya kukoroga kwa mkono. Alikuwa na sheria moja: mtu akikupa ujumbe umsomee, na ukimpa mtu ujumbe akusomee. "Nirudishie," alikuwa anasema, amenyoosha mkono kana kwamba neno ni sahani yake. Wiki zangu za kwanza niliona ni kupoteza muda. Familia moja ya Mwingi ikapiga simu, ukame umewakaba, wanataka telegramu iende kwa kijana wao aliyeajiriwa Mtito Andei: Njoo na mahindi. Laini inakwaruza, mimi nina haraka, sikuwarudishia. Nikaandika, Njoo na mahari. Yule kijana alifika kwao na wajomba wawili waliovaa makoti na mbuzi wa kuombea posa, wanauliza bibi arusi ni nani. Habari ilipotufikia Madam Syombua alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akaacha kucheka. "Na hawa wenye njaa," akaniuliza, "mbuzi wa posa watawasagia unga?"

Nirudishie. Ni neno moja tu. Ningemwambia Adan pale ukumbini, "Hebu nirudishie, umesikia nini?" angesema, "Nimesikia namba zetu zinafutwa." Na mimi ningesema, "Wee, keti, sivyo kabisa," na muthokoi ungengoja. Nyinyi mnaofunga mitambo kwa kutumiana jumbe za simu na vidole gumba, mwenzako akijibu "sawa" usiridhike. Muulize sawa nini.

Nina tabia moja ya uzee. Wenzangu asubuhi wanasoma matangazo ya vifo gazetini; mimi nafungua kitabu cha rejista kwenye kompyuta, maana kiko wazi kwa mtu yeyote, naangalia yale mafungu niliyosaidia kuyaomba. Hayasemi kitu kipya, nayaangalia tu. Asubuhi moja, majuma kadhaa baada ya ule mkutano, nikafungua la Kyeni. Jina la Adan halikuwepo. Langu halikuwepo. Palikuwa na kampuni nisiyoijua na namba ya simu ya ng'ambo.

Nilimpigia hata salamu sikutoa.

"Adan! Tumeibiwa! Namba zimechukuliwa, kuna mtu wa nje ameandikwa pale. Usiguse kitu, mimi naandika barua sasa hivi, zile fomu za kwanza ninazo zote..."

"Mutua."

"...na nitawapigia wenyewe, hawawezi kufanya hivi bila..."

"Mutua, nyamaza kidogo. Hakuna mwizi. Nimeuza."

"Umeuza nini?"

"Kampuni, na namba zake ndani. Kuna dalali wa namba alikuwa ananisumbua tangu mwaka jana, nikawa namkataa. Sasa nikasema, kuliko zifutwe bure."

"Zifutwe na nani?"

"Si wewe ulisema?"

Mtaniuliza kwa nini dalali ahangaike na kampuni ya Mwingi. Namba za aina ya zamani zimekaribia kuisha, na aliye nazo anatafutwa. Najua mtasema, mzee, kuna aina mpya, ndefu, haziishi hata mkigawia kila mbuzi wa Kitui. Ni kweli, na jifunzeni hizo kabla hamjalazimishwa. Lakini mitambo ya wateja wetu ilikuwa ya zamani, iliyonunuliwa kwa taabu, na ilijua zile za zamani tu.

Kesho yake nilikuwa Mwingi. Adan alinikalisha nyuma ya duka, akanisimulia jambo ambalo katika miaka yote ya urafiki wetu hakuwahi kulitaja. Baba yake aliwahi kuwa na ploti katika soko fulani, lipi hakuniambia. Siku moja karani akaja akasema rejista ya soko imefutwa, inaandikwa upya, kila mwenye ploti awepo majina yakisomwa. Baba yake alikuwa njiani na ng'ombe. Aliporudi majina yalikuwa yamekwisha kusomwa, na lake halimo.

"Alikuwa anaenda pale na karatasi yake ya kwanza mpaka ikachanika kwenye mikunjo," Adan akasema. "Wanaiangalia, wanamwambia, mzee, hii ni ya rejista iliyofutwa. Sasa wewe ulipotamka lile neno, mimi sikusikia tena feni wala watu. Na nilipouliza, ukasema baada ya lanchi. Nikajua ni mbaya, hutaki kuniambia mbele ya watu. Nikasema, safari hii sitakuwa njiani na ng'ombe."

Nikaitoa ile rasimu mfukoni. Nikamsomea ukurasa uliofuata polepole, kwa Kiswahili, halafu kwa Kikamba. Namba za mwanachama zinabaki za mwanachama. Alisikiliza mpaka mwisho. Akavua kofia yake, akaiangalia ndani, akairudisha kichwani.

"Hii imeandikwa lini?"

"Ilikuwa hapo siku ile ile. Niliisoma wewe ukiwa msikitini."

"Ah," akasema. "Sawa."

Haki ya Mungu nilitaka anitukane. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima kutukanwa, nilikuwa na majibu na samahani zangu. Aliniuliza kama nimekula.

Mnunuzi alikuwa amempa mpaka mwisho wa mwezi azitoe zile namba kwenye mitambo. Akaniomba nimfanyie, kwa kuwa ndimi niliyeziweka. Vijana, amri ya kuondoa ni fupi. Unaandika ile ile uliyowekea, unatia neno la kukataa mbele yake, unabonyeza. Ila hamisha kwanza, uondoe baadaye, na kila hatua iandike kwenye karatasi, usiiache kichwani. Niliwahamisha wateja mmoja mmoja kwenye namba moja ya kuazima kutoka kwa waliotuuzia laini. Ikachukua siku nzima. Nilipobonyeza mara ya mwisho jua lilikuwa bado kali, na Adan alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu.

"Zimeenda?"

"Zimeenda."

"Mbona hakuna sauti?"

Nilizima skrini tu.

Ukiwa na namba zako, kila mteja wako ana mlango wake unaojulikana. Mkigawana moja ya kuazima mnatoka wote kwa mlango mmoja, na anayekuja kumtafuta mmoja wenu hajui abishe wapi. Mwenye kituo cha mafuta, aliyekuwa anaangalia kamera zake akiwa Nairobi, akakuta giza. Shule ikawa inafungiwa tovuti kwa makosa ya mteja wa kinyozi aliyetokea mlango ule ule. Kliniki tuliyokuwa tukiihudumia ilihama kwanza, kwa heshima, wakaandika barua. Wengine wakahama bila barua, kampuni kubwa ilipoleta faiba, ule waya wa kasi. Ningewadanganya nikisema faiba isingekuja. Ingekuja. Ila ingemkuta Adan ana kitu chake mkononi.

Aliugua sukari, kwanza mguu, halafu macho, na haukupita mwaka. Nilikuwa naenda kumwona. Hakulitaja lile neno tena mbele yangu, na mimi sikuwa na ujasiri wa kulitaja. Tuliongea habari za mvua na bei ya ndengu, wazee wawili waliojenga mtandao wa mji, tunaongea habari za mvua! Alipofariki nilipigiwa asubuhi, nikaondoka mara moja. Lakini kutoka Sultan Hamud mpaka Mwingi ni mbali, na wenzetu Waislamu hawamweki maiti. Nilifika wanarudi kutoka makaburini, viatu vina udongo. Nimetupa mchanga kwenye makaburi ya watu ambao hata sikuwapenda. Kwa Adan sikuwahi. Nililia hapo barabarani, mtu mzima mimi, na sikujali nani anaona.

Baadaye nikafanya kitu kimoja nilichoweza. Rasimu ilikuwa imetolewa tena, imerekebishwa, na maoni yanapokelewa upya. Nikaandika maoni kwa jina langu. Sikuomba wabadilishe neno lolote. Niliomba wabadilishe mpangilio: kifungu kinachosema namba za wanachama zinabaki kwao kitangulie, ndipo kifuate cha rejista kuacha kutambuliwa. Nikaeleza kwamba kuna watu wanaosomewa sheria hizi kwa mdomo, na wengine huondoka katikati kwa sababu nzuri. Jibu lilikuja, la adabu sana. Walinishukuru. Wakasema ninaloliomba tayari limo, na mpangilio wa vifungu haubadilishi maana.

Nikalichapa lile jibu, nikaenda nalo Mwingi kwa Halima, binti wa Adan. Alikuwa chuoni wakati mambo yale yanatokea. Sasa ndiye anayeendesha kilichobaki, wateja wachache wa karibu na soko, na ni fundi safi kuliko nilivyokuwa. Nilitaka aone kwamba nimejaribu. Ndio ukweli wenyewe, nilienda ili nionekane.

Aliisoma ile karatasi mara mbili.

"Anko, hapa wanasema tayari limo. Limo tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

"Mwanzo upi? Baba aliniambia aliuza kwa sababu sheria ilikuwa haijaandikwa. Alisema hata wewe hukuwa unajua. Alisema hakuna aliyejua."

Hapo ningeweza kunyamaza, na mambo yangeisha. Nikamwambia yote: Ijumaa, lile neno, swali la baba yake, lanchi, ukurasa uliofuata.

"Na yeye? Alikuja kujua kabla hajafa?"

"Alijua. Nilimsomea mwenyewe, hapo nyuma ya duka."

Halima akaikunja ile karatasi, akanirudishia. Simu ya mteja iliita mezani mpaka ikakatika, ikaita tena, hakuigusa. Alikuwa ananiangalia, na nilishindwa kumwangalia.

"Kumbe alikufichia," akasema. "Mpaka kwangu."